Kufuta Vumbi Siyo Kufuta Uso

Mgeni rasmi, Mama Winifrida, mjumbe wa bodi ya makumbusho haya. Bosi wetu Axel. Na ninyi wenzetu mliotoka mitaa ya Rågsved na Hallunda: shikamooni, hamjambo, na bonjour kwa wa Kongo.

KARIBU
Karibu ukumbini kwetu. Tumefurahi umekuja, ila leo hatukuja kucheka.

MAWE HAYA
Mlango huu nyuma yako ulitoka kwenye hekalu la Wahindu, huko India, na una miaka karibu mia tisa. Umejengwa bila saruji, jiwe limekalia jiwe. Juu ni safu ya tembo, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Chini kushoto yuko mama wa mto, mungu wao wa kike, kasimama juu ya kobe, kiuno kakipinda, shanga zimemlalia tumboni hata unangoja zilie. Pua hana. Hakuwa nayo sisi tulipoanza kazi, na hata kwenye postikadi za dukani kwenu hana.

KAZI YETU
Asubuhi, kabla wageni hawajaingia, tunafuta vumbi kwa brashi laini, bila maji, kama tulivyofundishwa. Vumbi linapenda kujificha kwenye mikunjo ya nguo za wacheza ngoma waliochongwa pembeni. Mikononi mwetu hakijavunjika hata kidole cha jiwe.

KILICHOTUUDHI
Mwezi uliopita mgeni mmoja alilalamika kwamba mama huyu kaharibiwa uso. Axel akamwita mwenzetu Maman Léontine, ambaye Kiswidi bado hakijamkaa, akampigia simu mkalimani. Léontine akasema, "Ndiyo, nilifuta uso wake, vile mliniambia." Mkalimani akatafsiri kwamba kauondoa. Kauondoa! Kama mwalimu anavyofuta ubao!

Mwenzetu mwingine, Heshima, alikuwa karibu, akapaza sauti kwa Kiswidi: "Vumbi! Kafuta vumbi tu!" Akaambiwa anyamaze, mkalimani ndiye anayejua lugha. "Lugha ya nani?" akauliza.

Jioni hiyo Léontine akafutwa kazi. Neno ni lile lile, mgeni rasmi, ila safari hii hakuna aliyekosea kulitafsiri.

Bosi, usituangalie hivyo. Tulikwambia siku ile ile.

OMBI LETU
Mama Winifrida, ulikuja huku kusoma, Kiswahili umetoka nacho kwenu Bukoba. Mama yako hakukufuta uso kabla ya kwenda kanisani? Ulibaki bila pua?

Hatuombi glovu wala viatu. Mwambie Axel kwa Kiswidi, hapa hapa, neno hilo maana yake nini, na Léontine arudi kazini. Tangu siku ile mawe haya hatujayagusa. Hatujagoma. Tunaogopa kufuta.

Léontine yuko nje kwenye baridi, kadi yake haifungui tena mlango. Kahawa ipo, keki ipo. Hatukai mezani mpaka utoke ukamwingize wewe mwenyewe.

Mungu akupe mdomo usiochoka kusema kweli, na atuongezee subira, maana iliyobaki ni kidogo.

Ni sisi,
Wasafishaji wa Ukumbi wa Mlango wa Mawe, Stockholm.