Mhandisi wa Mluzi

Wasikilizaji wapendwa, acheni kidogo kugonganisha sufuria, mketi, tumkumbuke mtu. Tunamkumbuka mhandisi. Mhadhiri wa chuo kikuu, mvumbuzi mwenye hataza, baba wa watoto wawili, mume wa fundi cherehani. Wanafunzi walimwita Spika, na si kwa sababu ya cheo. Alifundisha ukumbi mzima bila kipaza sauti, na wa nyuma kabisa walikosa pa kusinzia.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Alinyoa ndevu akikihutubia kioo. Alikula akieleza kwa nini kijiko kinapata moto hadi kwenye mpini. "Baba watoto, meza kwanza ndipo useme," mkewe alimwambia kila siku, na kila siku alisema huku anatafuna.

Sasa uvumbuzi wenyewe. Mama yake mzazi alifariki hospitalini, mchana kweupe, wodi imejaa watu. Mtungi wa oksijeni uliisha kimyakimya. Kipimo chake kilikuwa kimeelekea ukutani, na muuguzi alikuwa upande wa pili na mgonjwa mwingine. Mhandisi alikuwa pale pale kitandani, ameushika mkono wa mama yake, na hakujua.

"Mtungi umeisha na mimi nipo," alimwambia mkewe walipotoka mazikoni. "Mimi, mhandisi!"

Basi akabuni kifaa. Ni kidogo, ukubwa wa kidole gumba. Kinafungwa kwenye mtungi wa oksijeni. Gesi ikikaribia kuisha, kinapiga mluzi. Hakitaki umeme, hakitaki betri. Nasema tena, wasikilizaji: gesi ikikaribia kuisha, kinapiga mluzi, na muuguzi anausikia hata akiwa mlango wa mwisho.

Hapo mwanasheria wa chuo akamkalisha chini. Hataza ni haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi, na jambo ukishalitangaza mwenyewe mapema unaweza kuikosa. "Mhandisi, nakujua," mwanasheria alimwambia. "Ukilimwaga darasani kabla hatujawasilisha maombi, tumekwisha. Funga mdomo."

Akafunga. Vipindi akamwachia mwenzake, akajichimbia karakana. Chuo kizima kilicheka. Mezani kukawa kimya mpaka binti yao akauliza kama baba kakasirika.

"Hajakasirika," mama akamjibu. "Wanasheria wamemtia kufuli."

Wageni nao walielezwa vivyo hivyo. "Huyu hajui kusema kidogo," mke alisema. "Akianza na mvua, atamalizia kwenye mtungi. Afadhali anyamaze kabisa." Watu wakacheka, na mhandisi akacheka nao, bila sauti.

Mashati yake yote alishonewa na mkewe. Shati la buluu ndilo lililoanza kumpwaya. Mke akalibana mbavuni. Likafuata la mistari, kisha jeupe. Pini mdomoni, alimtania: "Siri inakula nyama zako, bwana. Ikitoka nitayafumua yote upya." Mume alitabasamu, akanyoosha mikono apimwe. Hakusema neno. Nani angeshangaa? Alikuwa amekatazwa kusema.

Ikafika siku mwanasheria akapiga simu: maombi yameshapokelewa. Mke akafunika cherehani mapema, akachemsha chai, akawaita watoto na shemeji yake, mdogo wa mhandisi. "Haya, Spika!" akapiga makofi. "Kufuli limefunguliwa. Tumwagie yote!"

Mhandisi akafungua mdomo. Ilitoka sauti ya msumeno kwenye bati.

Mdogo wake akaangua kicheko, akidhani ni mzaha. Mke hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Tangu lini?"

Mhandisi akanyoosha kidole kwenye shati alilovaa. Lile la buluu.

Ulikuwa ugonjwa wa koo, wasikilizaji. Yeye alijua. Madaktari walitaka alazwe tangu mwanzo, akawaomba wasubiri.

"Ningelazwa, na kazi ingelala na mimi," alinong'ona. "Majaribio yalikuwa nusu. Mitungi iko wodini sasa hivi, mke wangu, inaisha."

"Na mimi je?" mke akamuuliza. "Nimekupima kwa mikono yangu hii! Umesimama mbele yangu, umeninyooshea mikono kama mtoto, na unajua!"

Kesho yake walikwenda hospitali pamoja, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia mbali.

Shemeji bado anaumia. "Kaka alikuwa anakufa na sisi tunamtania," anasema. "Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote."

Hataza ilitolewa. Chuo kikaandaa hafla ya kuwaenzi wanasayansi na wahandisi wake waliopata hataza. Wenzake walipanda jukwaani mmoja mmoja na familia zao, suti zimenyooka, picha zikapigwa. Jina lake lilipoitwa, alikuwa ameshazikwa. Akapanda mjane. Mkuu wa chuo akamkabidhi ngao, akamsogezea kipaza sauti.

"Mnaniuliza kama ninajivunia mume wangu," alisema. "Ninajivunia. Yuko mama wa mtu anapumua leo kwa sababu ya ule mluzi. Mnaniuliza pia kama nimemsamehe." Akaikumbatia ngao kifuani. "Bado. Kwanza namlilia. Huko sijafika."

Akashuka. Ukumbi ulichelewa kupiga makofi. Binti yake alimpokea kwenye ngazi, akamshika kiuno, wakatoka.

Kwa mjane huyu, kwa watoto wake, kwa shemeji na kwa wanachuo wote: poleni sana. Mmempoteza mtu wenu, na wodi nyingi zimepata mlinzi. Hatutawaambia kwamba hili linafuta lile. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayetusikiliza. Kama nyumbani kwenu kuna msemaji aliyenyamaza, usimtungie sababu. Hata kama sababu hiyo inachekesha. Hata kama mwenyewe anaiitikia. Usingoje muziki unaofuata. Zima redio, nenda kakae karibu naye, umuulize anaumwa nini.