Kijani Lakini Kimya: Bi. Arlyss Kvamme na Mbolea ya Mwisho ya Mwaka

Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba, Bi. Arlyss Kvamme anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Bustani ya mji wetu wa Torvik kwa miaka thelathini na mmoja, mingi kati ya hiyo akiwa msimamizi wa nyasi. Tarehe ameichagua mwenyewe. Msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo, na anajua fika kwamba angechelewa kidogo angeagwa na viti vitupu.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji, akaja kwetu kuendesha mashine ya kukata nyasi kwa kiangazi kimoja tu, kama alivyosema. Mimi ndiye fundi wa mashine hizo. Nashuhudia kwamba hakuna aliyezitunza kama yeye, wala aliyenilalamikia kama yeye. Sauti yake inavuka ziwa bila msaada wa simu. Kama anajua kunong'ona, hajawahi kutuonyesha.

Alipopewa usimamizi alikuta mila. Mbolea ya mwisho ya mwaka ilimwagwa siku moja kabla ya msimu wa kulungu, iwe mvua iwe jua, kwa sababu kesho yake hakuna mwanamume wa idara ambaye angeonekana mjini. Tuliiita mbolea ya kulungu. Miaka mingine nyasi zilikuwa bado zinarefuka; tukazilisha zikanenepa, theluji ikazilalia, zikaamka na ukungu. Miaka mingine ardhi ilikuwa imeshaganda, mbolea ikakaa juu juu, na theluji ilipoyeyuka ikateremka nayo yote ziwani.

Bi. Kvamme aliifuta mila hiyo katika mkutano wake wa kwanza. Kipimo chake ni maneno matatu: kijani lakini kimya. Mashine ipite, irudi na majani ya miti tu kwenye mfuko. Hapo nyasi zimeacha kurefuka, ila bado ni za kijani na mizizi bado inakula. Ukimwaga wakati huo, chakula kinashuka kwenye mizizi kikawa akiba, na theluji ikiondoka nyasi zinawahi kuamka. Wakati wenyewe ni mfupi na haufuati kalenda. Duane Pflueger, dereva wetu wa trekta, alimuuliza kama nyasi zitampigia simu kumjulisha.

"Mimi zitanipigia," akamjibu. "Wewe hata mkeo akikupigia hupokei."

Mwaka uliofuata uwanja wa bustani ya ziwani ulikuwa kijani kabla ya viwanja vyote vya jirani. Watu wa miji mingine walikuja kuuchungulia wakijifanya wanatembeza mbwa.

Nisingetenda haki kama nisingesimulia pia vuli ya 2007. Mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitie chumvi.

Binti yake wa pekee, Karna, alikuwa afunge ndoa mwanzoni mwa Mei kwenye uwanja huohuo, unaoteremka mpaka ufukwe ambako watoto wote wa Torvik hujifunza kuogelea. Mwanzoni mwa Mei nyasi za watu wengine huku kwetu bado zina rangi ya mkeka. Bi. Kvamme alimwahidi bintiye zulia la kijani, na alimwahidi mbele ya wakwe.

Vuli ile ilikuwa ndefu na yenye joto. Novemba ikaingia nyasi zinarefuka tu. Hatimaye, Ijumaa moja mchana, mashine ikarudi na majani ya miti peke yake. Duane akawasha trekta. Lakini kesho yake ilikuwa karamu ya lutefisk kanisani, yule samaki mkavu anayelowekwa mpaka akawa kama jeli, na Bi. Kvamme, ambaye hataki mbolea imwagwe asipokuwepo, ndiye mkuu wa viazi. Magunia ya viazi vya kumenywa yalikuwa yanamngoja.

"Jumatatu," akasema. "Nyasi hazina miguu."

Jumapili upepo wa kaskazini ulishuka. Jumatatu asubuhi ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya gereji yangu. Aliupiga uwanja kwa kisigino, akasogea akapiga tena, kisha akanyamaza. Sikuwahi kumwona amenyamaza kabla ya siku hiyo.

"Mwaga tu, bosi," Duane akamwambia, na safari hii hakuwa anatania. "Ni harusi ya Karna. Nani atajua?"

"Ziwa litajua. Rudisha hayo magunia ya mbolea stoo."

"Na Karna utamwambia nini?"

"Kwamba mama yake alikuwa anamenya viazi."

Theluji ilianguka wiki hiyohiyo, na harusi ikaja kufanyika juu ya rangi ya mkeka. Duane alikuwa ameleta rangi ya kijani ya kupuliza, ile ya viwanja vya mpira, akafukuzwa nayo: bibi harusi asingeondoka pale na viatu vya chura. Wakwe walitazama chini, wakatazamana. Bi. Kvamme akasimama mbele ya wageni wote akatangaza kwamba kosa ni lake, nyasi hazina hatia, na chakula kiko tayari. Baadaye nilimkuta nyuma ya hema akifuta macho kwa pembe ya kitambaa cha meza. Iliniuma sana.

Kiangazi kile joto lilikuwa kali. Maziwa kadhaa ya jirani yalijaa mwani, ambao hushiba mbolea inayoteremka majini, maji yakawa mazito kama supu ya njegere, na vibao vya kukataza kuogelea vikasimikwa. Hatujidai kwamba magunia yale yaliyorudi stoo peke yake ndiyo yaliyotuokoa. Ila ziwa letu lilikuwa safi, ukisimama ndani unaona vidole vyako vya miguu. Agosti Karna alikuja na mumewe, akaingia majini na nguo zake, akapaza ile sauti aliyoirithi:

"Mama! Achana na hizo nyasi, njoo!"

Picha iliyokaa mezani kwa Bi. Kvamme miaka yote hii si ya harusi. Ni ya mchana ule: mama na binti, maji shingoni, nywele zimewaganda usoni, wanacheka.

Bi. Kvamme, asante kwa uwanja, kwa kelele, na kwa kutukatalia siku ambayo kukubali kungekuwa rahisi. Mbolea ya mwaka huu imeshaingia ardhini kwa neno lako. Ya mwakani tutaiamua wenyewe, na sitaficha, tunaogopa kidogo. Nenda ukapumzike, ule vizuri, uamke unapotaka. Uishi miaka mingi yenye afya na furaha, na wajukuu wako wajifunze kuogelea hapahapa.