Mama Fatouma na Viungo vya Jumatatu

Baada ya miaka ishirini na minane katika chumba cha nyaraka cha kituo chetu cha utafiti wa jamii hapa Kisangani, Mama Fatouma Alfani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kuanzia siku hiyo hatutakuwa na mtu wa kutukemea tukila makemba, zile ndizi za kukaanga, juu ya kompyuta.

Alianza na makabati ya magazeti yaliyoliwa na mchwa. Mtandao ulipofika, wengi wetu tuliutumia kutazama mpira. Yeye akaanza kuwinda: majarida yanayosomwa bure, takwimu za watu, ramani za vijiji, tovuti za redio za mikoani, maktaba zilizoweka magazeti ya zamani mtandaoni. Kila Jumatatu alitoa Viungo vya Jumatatu, ukurasa mmoja unaoeleza nini kipya, kiko wapi na kinamfaa nani. Watafiti walioko Isangi na Basoko, ambako mtandao huja unapotaka wenyewe, aliwapakulia kila kitu kwenye klé, vile vijiti vya kuhifadhia data za kompyuta, na kuzikabidhi kwa wasafiri wa boti. Klé moja ilirudi na samaki wa moshi. Inasemekana hakuwa samaki wa mwisho, ila hao wengine hawakutangazwa.

Kisa cha boti hakiwezi kurukwa. Miaka michache iliyopita, kurasa tatu za habari ziliandika kwamba boti iliyotoka Basoko imezama na hakuna aliyepona. Mtafiti mwenzetu Léon alikuwa anarudi na boti hiyo, na simu yake haikupatikana. Mama Fatouma akaiweka habari kwenye Viungo na kuongeza: imethibitishwa na vyanzo vitatu. Nyumbani kwa Léon turubai likafungwa, viti vikaletwa, matanga yakaanza. Matanga yakiwa yamepamba moto, Léon akafika kutoka bandarini na fungu la samaki, akaketi nyuma kwa heshima na kuuliza nani amefariki. Shangazi yake alizimia. Boti ilikuwa imekwama tu kwenye mchanga, na kurasa zote tatu zilikuwa zimenakili ujumbe mmoja wa simu.

Mama Fatouma alikwenda mwenyewe chini ya turubai, akaomba radhi mbele ya familia yote, kisha akatangaza kwamba Viungo vimekwisha. Alikuwa amevunjika moyo kabisa. Isangi wakauliza, Basoko wakalalamika, Jumatatu zikapita kavu. Mwishowe Léon aliingia chumba cha nyaraka, akaweka klé yake tupu mezani na kukaa kusubiri ijazwe. Kufikia adhuhuri Viungo vilikuwa vimetoka, na chini ya kila habari kulikuwa na mstari mpya: aliyeona ni fulani, yuko mahali fulani. Tangu hapo, ukimpelekea habari motomoto, jibu ni lile lile: "Bon, ni nani aliona na macho yake?"

Viungo vinabaki mikononi mwa mwenzetu Déborah, ambaye ameshaikataa habari moja ya mkurugenzi. Mama Fatouma, ahsante. Tutakukosa sana, na kusema kweli tunaogopa kidogo kubaki bila wewe. Nenda ukapumzike na wajukuu, uwe na afya na amani.

Na kwa desturi yako, mstari wa chini: kwamba ulitufanyia kazi kwa moyo mweupe, aliyeona ni Léon, mwandishi wa makala haya. Yuko Kisangani, hai.