Mama Mkwe Ajiviringishie

Fundi bomba alitaka kusinzia basini, lakini kwenye kiti cha mbele msusi mmoja alikuwa akimsimulia muuza maua asiyemjua mipango yake ya jioni, na usingizi ukaenda zake.

"Leo wakwe wanakuja, mama. Nawalisha sushi. Wali, samaki, jani la mwani, kila mtu anajiviringishia mwenyewe."

"Mama mkwe naye ajiviringishie?" muuza maua akauliza. "Mwanangu, umemwalika au umemwajiri?"

Msusi akacheka mpaka mkoba ukamdondoka. "Ndiyo raha yenyewe. Anamwambia mwanawe eti mimi najidai. Sasa tukishachafuka mikono sote, nani atamnunia nani?"

"Na mtaviringishia nini?"

"Vimikeka vya mianzi. Dukani kilibaki kimoja, na wageni ni sita. Nikashusha pazia la mianzi la dirisha la jikoni, nikaliosha, nikalikata vipande. Vimetoka, huwezi kujua."

Fundi bomba akajikohoza ili asicheke. Watu wengine hukata pua waunge wajihi, huyu kakata pazia.

"Na hilo dirisha linatazama wapi?"

"Uani kwa majirani, wale wanaopenda kuchungu..." Msusi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Basi leo mtaa mzima utamwona mama mkwe wako kavaa aproni, anajipikia ugenini."

Basi likasimama. Msusi akashuka mbio. Lilipoondoka, fundi bomba aligeuza shingo, akamwona bado kituoni, kaunyoosha mtandio wake mikono miwili, anaupima kama utatosha dirisha la jikoni.