Tejinder Kaur Bhogal: Sikio Lililotusikilizia Kituo cha Zuhura

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi hapa Redio Mwinuko, Bi. Tejinder Kaur Bhogal anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Wasikilizaji wanamjua kama mhakiki wa michezo ya redio katika kipindi cha Jumamosi, Tumesikia. Sisi tunaofanya kazi naye, kuanzia meneja hadi askari wa langoni, tunamwita Auntie Teji. Nimekuwa mtayarishaji wa kipindi chake kwa miaka tisa, ndiyo maana wenzangu wamenisukumia kalamu hii. Nimeipokea kwa furaha.

Auntie Teji ni mzaliwa wa Nakuru. Baba yake alikuwa seremala mwenye karakana karibu na stesheni ya reli, na mtoto huyo alikulia kwenye makelele ya misumeno na mabishano ya mafundi. Nyumbani waliongea Kipunjabi, karakanani Kiswahili na Kikuyu. Husema kwamba huko ndiko alikojifunza kusikiliza, kwa sababu mtu akitaka kusikia jambo la maana pale ilibidi alichuje kwanza.

Alijiunga nasi mwaka 1999, si kama mhakiki bali kama karani wa mapokezi. Wakati huo kituo chetu kilikuwa kikirudia Kituo cha Zuhura, ule mchezo mrefu wa kubuni wa kisayansi kuhusu mafundi wanaoishi kwenye chombo kinachozunguka sayari ya Zuhura. Mchezo wenyewe ulikuwa mzee kuliko redio yetu. Watu walikuwa wamekua nao, wakaoa nao, wakalea watoto nao. Kila stima ilipopotea kule Bahati au Subukia Alhamisi jioni, saa ya mchezo, Ijumaa asubuhi simu za mapokezi hazikunyamaza. Kila mtu alitaka kujua kilichompata Nahodha Tamba, mkuu wa chombo hicho.

Auntie Teji aliwasimulia. Na kwa kuwa hakuweza kujizuia, aliwaambia pia alivyoona. Meneja wa wakati huo alipita mapokezi siku moja akamkuta ameshika simu akisema, "Nahodha amepona, lakini usifurahi sana. Yule daktari ameigiza kama mtu anasoma bei ya viazi." Meneja alicheka mpaka akaketi. Wiki iliyofuata karani wa mapokezi aliwekwa mbele ya kipaza sauti, na hakurudi tena mapokezi isipokuwa kuchukua chai.

Namna yake ya kufanya kazi ni ya kipekee. Kila mchezo huusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza huusikiliza jikoni kwake Milimani akipika, kama msikilizaji mwingine yeyote. Chapati ikiungua, huo mchezo una kitu. Mara ya pili huvaa hedifoni, akafunga mlango, akasikiliza kila mlio. Ni yeye aliyelalamika hewani kwamba, katika mchezo mwingine wa kisayansi, mlango wa chombo cha angani, chenye mitambo ya ajabu yote ile, unalia kama mlango wa choo cha shule. Watayarishaji walinuna. Msimu uliofuata, mlango ulikuwa umetiwa mafuta.

Lakini nikiulizwa Auntie Teji ni mtu wa namna gani, kuna habari moja ninayoisimulia, na leo nitaiandika.

Kituo cha Zuhura kilikuwa kimenyamaza kwa miaka mingi. Mwaka juzi studio moja ya Nairobi iitwayo Mwangwi ilitangaza kwamba itakifufua kwa michezo sita mipya ya sauti, ya kusikilizwa kwenye simu. Nahodha Tamba hangekuwepo. Katika hadithi mpya alikuwa amepotelea angani, na chombo kilikuwa mikononi mwa binti yake. Nafasi hiyo alipewa mwigizaji kijana kutoka Molo, Chepchirchir, ambaye hakuna aliyekuwa amemsikia.

Wasikilizaji walikasirika kabla ya kusikia hata neno moja. Walimtukana binti huyo mitandaoni. Walitupigia simu wakisema Zuhura bila Tamba si Zuhura. Studio nayo ilishasema wazi kwamba hiyo sita isipopokelewa vizuri, hakutakuwa na mingine. Kwa hiyo kila mtu, marafiki na maadui, alingoja uhakiki wa Auntie Teji.

Meneja wetu wa sasa, Bw. Mayur, alimwita ofisini. "Auntie, watu wamewaka," alimwambia. "Waka nao kidogo."

"Nikisikia cha kuniwasha nitawaka," alijibu. "Bado sijasikia kitu."

Studio ilimtumia michezo mitatu ya kwanza. Akaisikiliza jikoni, akaisikiliza mlango ukiwa umefungwa, kisha akaja mezani kwangu akaniomba nimpeleke Mau Narok. Huko ndiko anakoishi Mzee Hiram Gathogo, mwigizaji aliyekuwa sauti ya Nahodha Tamba kwa zaidi ya miaka ishirini. Baada ya kustaafu alirudi shambani kulima viazi. Kisha kiharusi kilimpiga, kikamwachia akili yake yote lakini kikamchukulia sauti. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayepanda mlima.

"Mzee habari ya siku mingi?" Auntie alimsalimia. Mzee alitabasamu kwa upande mmoja wa uso, akatuonyesha viti. Mke wake, Mama Wangare, alituletea chai na viazi vya kuchemsha, akarudi jikoni kuosha vyombo. Nikaunganisha spika.

Mchezo wa kwanza, Mzee alitikisa kichwa tangu mwanzo. Injini ya chombo ilinguruma juu ya kila neno. Wa pili ulikuwa na maelezo mengi kuliko matukio, na akasinzia kidogo. Kisha ukaja wa tatu. Binti wa nahodha anakuta ujumbe ambao baba yake aliurekodi kabla ya kupotea. Anaufungulia akiwa peke yake, na ingawa anajua hasikiki, anaanza kuujibu.

Sauti ya baba ilikuwa ya Mzee Gathogo. Studio ilikuwa imeitoa kwenye kanda za zamani.

Ilijaa sebuleni, nzito na ya utulivu, kama watu wa huku walivyoijua. Jikoni kitu kilianguka. Mama Wangare alitokea mlangoni, mikono ikidondosha maji. "Nani ameongea?" aliuliza. "Hiram, ni wewe umeongea?"

Mzee alikuwa analia bila kujificha. Mama Wangare akaketi kando yake, akamshika mkono kwa mkono wake uliolowa, na tukasikiliza hadi mwisho. Kisha Mzee akaashiria tuanze tena pale binti anapoingia.

"Huyu msichana," alisema baada ya kurudia, na tukamngoja. "Wengi wanangoja tu zamu yao. Huyu anasikiza kwanza. Ananijibu."

Auntie Teji alimuuliza swali moja tu. "Mzee, hawa watu walikuuliza kabla ya kutumia sauti yako?"

Mzee alitikisa kichwa. Hakuna aliyempigia hata simu.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipofika Njoro, Auntie aliniuliza, "Cate, hii kitu nitaihakiki namna gani?" Nilielewa shida yake. Lilikuwa onyesho bora zaidi alilowahi kusikia katika miaka yake yote ya kazi, na lilikuwa limepatikana kwa njia isiyo ya heshima. Akilisifu bila kusema ukweli, angemdhulumu Mzee. Akisema ukweli kwa ukali, wale waliomtukana Chepchirchir wangepata fimbo nyingine ya kumchapa, na yeye hakuwa na kosa. Alikuwa ameshamwomba Mzee ruhusa ya kulitaja jambo hilo hewani, na Mzee alikuwa amemjibu, "Sema yote. Lakini msichana asipigwe."

Jumamosi hiyo nilikaa upande wa pili wa kioo nikimtazama. Hakupandisha sauti. Alisema mchezo wa kwanza umezamishwa na injini, na wa pili unasomesha badala ya kusimulia. Kisha akafika kwenye wa tatu.

"Nimesikia mwigizaji," alisema. "Anaitwa Chepchirchir, na kama ulimtukana wiki jana, leo utafute namna ya kuyameza hayo maneno. Pia nimesikia sauti ya mtu aliye hai, anayeishi karibu nasi, ambaye hakuulizwa. Hilo si kosa la huyu binti. Ni kosa la waliofungua kanda wakasahau mwenyewe. Mchezo ni mzuri. Adabu haikuwepo. Yote mawili ni kweli, na sitawapunguzia hata moja."

Jumatatu mkurugenzi wa studio, Bw. Tarun, alipiga simu kwa hasira. Alisema wana haki zote za kanda hizo. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu la Auntie. "Haki ya kanda mnayo, bwana. Mimi nimeongea juu ya mtu." Simu ikakatwa. Kwa majuma kadhaa studio haikututumia chochote, na vituo vingine vilipata michezo iliyosalia kabla yetu. Bw. Mayur alikuwa na wasiwasi mkubwa. Namshukuru hapa kwa maandishi kwamba hakumwomba Auntie afute hata neno.

Aliyekuja kwanza alikuwa Chepchirchir mwenyewe. Aliingia hapa mapokezi asubuhi moja, peke yake, akamwulizia Auntie Teji. "Mimi niliambiwa ni sauti ya marehemu," alisema. "Sikujua yuko hai. Nimekuwa nikimjibu kama mtu amekufa. Tafadhali nionyesheni kwake."

Auntie alichukua koti lake, wakaondoka. Sikuwepo safari hiyo. Yaliyotokea niliambiwa na Mama Wangare. Binti alipiga magoti mbele ya Mzee kuomba msamaha, na Mzee akamwambia ainuke, sakafu ni baridi. Kisha akamwomba aigize lile onyesho pale pale. Chepchirchir alisema maneno yake, na Mzee Gathogo akajaribu ya kwake, polepole, neno baada ya neno. Binti alimngoja kila mara. Walipomaliza, chai ilikuwa imepoa, na Mama Wangare hakukumbuka kuipasha.

Sijui Chepchirchir aliwaambia nini wakubwa wake aliporudi Nairobi. Najua kwamba muda si mrefu Bw. Tarun naye alipanda Mau Narok, akaketi kwenye sebule ile ile na kuomba radhi. Mchezo wa kwanza ulichanganywa upya na injini ikapunguzwa. Jina la Hiram Gathogo linatangazwa mwanzoni mwa kila mchezo. Wasikilizaji waliokuwa wamekasirika walianza kusikiliza ili wabishane, kisha wakasahau kubishana. Michezo mingine sita ikatengenezwa, na ndani yake mwandishi alitunga nafasi ya mzee mmoja mlinzi wa bustani za chombo, anayeongea kidogo na taratibu. Anayeiigiza ni Mzee Gathogo. Studio ilimfuata shambani na vipaza sauti vyake.

Mkidhani Auntie Teji alimhurumia, hamumjui. Alipohakiki mchezo wa nne wa msimu huo alisema hewani kwamba mlinzi wa bustani amemeza neno la mwisho. Nilishika kichwa. Kabla kipindi hakijaisha simu ililia kutoka Mau Narok, na Mzee akacheka kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Ni kweli. Nilimeza."

Hivyo ndivyo alivyotufundisha kazi. Vijana wengi waliopita kwenye chumba chetu cha habari wanakumbuka alivyowarudishia maandishi yao na swali lake lile lile, "Hii umesikia au umeambiwa?" Wanakumbuka pia kwamba wagonjwa wetu aliwatembelea, na wafiwa wetu aliwapikia. Wakati wa maradhi ya mama yangu alinishikia zamu ya kujibu jumbe za wasikilizaji kwa jina langu bila kumwambia mtu, nami nilijua kwa sababu tu wasikilizaji walilalamika kwamba nimekuwa mkali.

Auntie Teji, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Redio Mwinuko, na kwa niaba ya kila nyumba uliyoisaidia kusikia vizuri zaidi, asante. Asante kwa ukweli usiokuwa na chuki. Asante kwa kutuonyesha kwamba nyuma ya kila sauti kuna mtu, na kwamba mtu huyo huulizwa kwanza.

Studio Mwangwi inasema msimu wa tatu utatoka mapema mwakani. Nilimuuliza juzi kama atausikiliza. "Nitausikiliza," alisema. "Lakini msiniulize umekuwaje."

Hatutakuuliza. Mungu akupe miaka mingi, afya njema, na jioni ndefu za kuketi na kusikiliza tu, bila kudaiwa neno na mtu yeyote.

Cate Wangeci,
Mtayarishaji wa vipindi