Hatua Mia Mbili na Kumi: Maisha ya Levina Kulwa Masele (1960–2025)

Tunayemzika leo, Levina Kulwa Masele, alizaliwa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, tarehe 3 Machi 1960, akimtangulia pacha wake Doto. Wazazi wao, Mzee Masele na Mama Benedikta, walikuwa wakulima.

Alisoma hapohapo Kwihara hadi darasa la saba, mwaka 1975. Hesabu aliipenda mno. Popote alipokwenda alihesabu hatua zake.

Tarehe 12 Oktoba 1985 alifunga ndoa katika Kanisa la Moravian na Vedasto, fundi viatu wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Walijenga Cheyo, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1988 aliajiriwa kufua mashuka katika hospitali moja mjini Tabora. Enzi hizo mfuaji akichomwa na sindano iliyosahaulika ndani ya shuka, alinyonya kidole, akatema, akaendelea na kazi. Juni 2009 ikawa zamu ya Kulwa kuchomwa.

“Nyonya uteme, Mama, kazi iendelee,” alisema msimamizi wake, Bwana Raymundi.

“Mdomo wangu wa kulia ugali, Bwana Raymundi, si wa kunyonya damu za watu.”

Akaenda kunawa kwa maji na sabuni. Bomba lilikuwa nyuma ya gereji ya hospitali, hatua mia mbili na kumi. Kisha akatoa taarifa kwa daktari, akameza dawa za kinga siku ishirini na nane. Miezi mitatu alisubiri majibu, na nyumbani aliyejua ni Vedasto tu. Majibu yalipotoka, hakuwa na virusi vya Ukimwi wala vya homa ya ini. Siku hiyohiyo akaomba bomba liwekwe mlangoni pa chumba cha kufulia.

“Bomba la peke yako? Umekuwa malkia?” Bwana Raymundi akamcheka.

“La wote. Hata wewe utanawa.”

Ombi likakataliwa. Ndipo Kulwa akawaambia wenzake saba: mgeni husindikizwa, basi na aliyechomwa asindikizwe. Tangu hapo mmoja akichomwa, wote wanane waliacha kazi wakaenda naye hadi gereji, taratibu, wakirudi vilevile. Walitishiwa kufukuzwa. Kulwa alijibu kwamba barua ianze na jina lake. Safari ya tatu, daktari wa upasuaji alikuja mwenyewe kuuliza mashuka yako wapi.

“Yanasubiri,” akaambiwa na Bwana Raymundi. “Wenyewe wamemsindikiza mwenzao aliyechomwa.”

Daktari akawafuata, akazitembea hatua zote kwa miguu yake. Wiki mbili baadaye bomba lilikuwa mlangoni, na sabuni yake, na kopo gumu la kutupia sindano. Aliyenawa wa kwanza ni Bwana Raymundi. Kulwa alistaafu mwaka 2020, na katika wale wanane hakuna aliyeambukizwa hata mmoja. Wote wapo hapa leo, isipokuwa yeye.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Alifariki nyumbani Cheyo, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Doto.

Ameacha mume, Vedasto; watoto Eliya, Minza na Deus; wajukuu watano; pacha wake Doto na mdogo wao Anton.

Aliagiza msibani kwake lisipitishwe beseni moja la kunawia kwa watu wote. Ndoo yenye koki ipo getini, na Bwana Raymundi ameomba kuisimamia mwenyewe. Kutoka kaburini hadi pale ni mbali kidogo. Tusindikizane.

Kulwa, zamu yako umeimaliza vizuri. Pumzika kwa amani.