Tawakali Bakary na Makovu 23 ya Kenge wa Sudi

Bwana Tawakali Bakary anastaafu tarehe 30 Juni 1953, baada ya miaka 26 na miezi 4 katika kituo chetu cha uchunguzi wa wanyama hapa Lindi. Katika muda huo amepasua kenge 214. Namba hiyo si ya kukisia. Chupa zenye viungo vyao zote ziko stoo, na stoo naitunza mimi.

Aliajiriwa kufagia. Mpasuaji alipougua, Tawakali akashika kisu kwa wiki moja, na kisu hakikurudi tena kwa mwenyewe. Mkewe, Bi Mwahija, alimwambia mbele za watu: "Mkunga wa kenge, kanawe mara tatu ndipo uje mkekani." Alinawa.

Desturi ya kituo ilikuwa kukusanya kenge wakati wa kiangazi tu, gari linapoweza kupita. Majike 41 wa mwanzo walikuwa na ovari, yaani vile vifuko vinavyokuza mayai, zilizosinyaa, zenye chembe ndogo kama mtama. Mkuu wa wakati ule akawaandika wote 41 "wachanga".

Tawakali alimwambia, "Bwana, kenge mrefu kuliko mkono wangu, mchanga wa wapi? Huyu amepumzika, anangoja mvua." Akajibiwa asifundishe watu kazi.

Desemba 1934, barabara imekatika kwa mvua, alichukua likizo yake, akaenda Sudi kwa miguu na kurudi na jike mmoja begani. Tulikuwa wanne mezani alipompasua. Mayai 23 yaliyokamilika, ganda jeupe na laini kama ngozi, yamejipanga katika mirija miwili: 11 kushoto, 12 kulia. Kisha akainua ovari zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Kila yai lililotoka lilikuwa limeacha kovu lake. Tukahesabu makovu: 23. Tukarudia: 23. Na katikati ya makovu, chembe nyingine changa, kubwa na ndogo, zikingoja zamu zao. Mnyama tunayemrushia mawe barabarani, hesabu yake imenyooka kuliko yangu! Mfaume, dereva wetu, alisema, "Subhana Allah," akakaa chini.

Ripoti iliyochapishwa iliwafuta wale "wachanga" 41 na kueleza makovu 23 vizuri sana. Aliyeyaona ametajwa mara moja: "msaidizi mmoja mwenyeji". Nimeandika barua tatu nikiomba jina lake liwekwe. Majibu, sifuri.

Ripoti siwezi kuigusa. Lakini lebo za chupa zikififia huandikwa upya na mtunza stoo, na spiriti imezififisha nyingi. Wiki hii nimezimaliza zote 214: "Amepasuliwa na Tawakali Bakary, Lindi." Ile ya Sudi nimeiongezea mstari: "Makovu yaligunduliwa naye."

Bwana Tawakali, ahsante kwa mikono yako, na zaidi kwa ubishi wako. Mungu akujalie afya na raha, wewe na wote wa nyumbani kwako. Siku ukipita njia hii, ingia stoo usome jina lako.

Klementi Romani, mtunza stoo